Kupiga kambi nje ya hifadhi: Eneo zuri la mchana laweza kuwa mtego usiku

TANGU treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikimchukua msafiri wa basi saa nne au zaidi imegeuka kuwa ya takriban saa mbili. Mkazi wa Jiji mwenye hema mgongoni anaweza kuondoka Jumamosi asubuhi, na kabla ya adhuhuri akawa chini ya milima ya Uluguru akitafuta pa kulala.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kununua hema ni jambo la dakika chache, lakini kujua mahali pa kulisimika ni elimu nyingine kabisa, na makosa katika elimu hiyo hulipwa usiku, giza likiwa limeingia na msaada ukiwa mbali.

Kambi inayozungumzwa hapa si ile ya ndani ya hifadhi za taifa. Huko utaratibu unafahamika: Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa) limetenga kambi za umma na kambi maalumu, mgeni hulipia, na haruhusiwi kulala popote anapojisikia. Hali ni hiyohiyo katika eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na katika misitu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kinachozungumzwa ni kulala kwenye vilima vya vijijini, kando ya ziwa, kwenye nyanda za malisho au ufukweni, mahali pasipo na geti, bomba, choo wala mlinzi.

Mgeni wa mara ya kwanza huchagua eneo kwa macho. Hutafuta mahali tambarare, penye kivuli, karibu na maji na penye mandhari ya kupigia picha. Kwa bahati mbaya, sifa hizo nne ndizo zinazowaponza wengi. Tambarare iliyo kando ya mto mara nyingi imesawazishwa na mafuriko. Kivuli hutoka kwenye mti ambao huenda una matawi mabovu. Majini ndiko wanakokwenda wanyama, mifugo na mbu. Nayo mandhari nzuri kwa kawaida hupatikana kwenye ukingo wa mlima, palepale upepo unapopiga na radi inapoanzia. Eneo zuri ni lile litakalofaa saa nane usiku mvua ikinyesha, na si lazima liwe lile linalopendeza saa nane mchana.

Ardhi ina wenyewe

Neno "porini" ni la mtu wa mjini. Kwa mwenyeji, mahali hapohapo pana jina lake: ni malisho ya kiangazi, ni shamba lililopumzishwa, ni makaburi ya ukoo au ni njia ya kwenda kisimani. Kisheria nako hakuna ardhi iliyo tupu. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ziliigawa ardhi yote ya Tanzania Bara katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, hata pale ambapo hakuna nyumba inayoonekana upeo wa macho.

Zipo nchi ambako sheria imempa mpita njia haki ya kulala bila kumwomba mtu. Norway iliandika haki hiyo katika sheria ya mwaka 1957, kwa masharti kwamba hema liwe umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya karibu, na kwa kawaida lisikae zaidi ya siku mbili bila idhini ya mwenye ardhi. Scotland ilifuata kwa sheria ya mwaka 2003. Huko England, mgogoro kuhusu haki ya kulala kwenye nyanda za Dartmoor ulifikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Mei 2025 iliamua kwamba wananchi wanayo haki hiyo. Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Hapa ruhusa huombwa, tena huombwa ana kwa ana.

Anayeombwa ni mtendaji wa kijiji, au mwenyekiti wa kijiji, na asipopatikana, mwenyekiti wa kitongoji. Mgeni hufika mchana, si jioni, akiwa na kitambulisho. Hueleza ni watu wangapi, wametoka wapi, watalala siku ngapi, na kama wana gari, namba yake. Majina yataandikwa katika kitabu cha wageni. Baada ya hapo huja swali lenye thamani kuliko ramani yoyote: je, wageni wengine wakija hapa hulala wapi?

Jibu laweza kuwa uwanja wa shule, kiwanja cha mpira, ua wa kanisa au karibu na zahanati. Wapiga kambi wengi hukunja uso wakisikia hivyo, kwa kuwa hawakutoka mjini ili kulala mbele ya darasa la tatu. Hata hivyo, wenyeji wana sababu zao. Shule nyingi zimejengwa mahali pasipotuama maji, panapojulikana na kila mtu, na penye choo. Anayetaka kusogea mbali zaidi, kwenye kilima au ng'ambo ya kijito, ataruhusiwa kwa urahisi zaidi akikubali kumlipa kijana wa kijijini kumsindikiza na kulinda. Fedha zikihitajika na kijiji, zilipwe kwa stakabadhi. Katika vijiji vilivyoungana kuunda Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kambi ni sehemu ya mapato yao na viwango vyake hutangazwa, kwa hiyo mgeni asione kama anaonewa.

Umuhimu wa kujitambulisha hauishii kwenye adabu. Oktoba 2016, watafiti wawili wa udongo kutoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji katika Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, baada ya kudhaniwa kuwa ni wanyonya damu. Hao walikuwa watumishi waliokuwa kazini. Kundi la vijana wasiofahamika, wanaoonekana jioni wakitembea na tochi vichwani katika shamba la mtu, lina sababu nyingi zaidi za kutiliwa shaka. Ukiacha hofu hiyo ya mumiani, kuna wizi wa mifugo, na katika vijiji vyenye migogoro ya ardhi kila mgeni mwenye ramani hudhaniwa kuwa mpima viwanja. Hofu ya namna hiyo huondolewa mapema, mbele ya mwenyekiti, na ikisubiri hadi saa nne usiku huwa imeshageuka kuwa mwano.

Yapo pia maeneo ambayo kijiji kitayakatalia moja kwa moja, na mgeni hana haja ya kubishana. Upareni ipo misitu ya matambiko isiyoingiwa ovyo. Uluguru kuna mahali panapoheshimiwa kwa ajili ya mzimu wa Kolelo. Upande wa Kenya, misitu ya Kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ina taratibu zake za kuingia. Miti mikubwa, kimya na kivuli kizito ni dalili za kutosha za kumfanya mgeni aulize kabla ya kukata hata kijiti.

Mchanga laini umeletwa na nini?

Barabara inayotoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, hukatiza makorongo mengi yanayoshuka kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Wakati wa kiangazi makorongo hayo huwa makavu kabisa. Sakafu yake ni mchanga laini, haina miiba, na kingo za pande mbili huzuia upepo. Kwa mtu aliyetingishwa na gari kutwa nzima, hakuna godoro bora kuliko hilo.

Lakini mchanga huo umeletwa na maji, na yaliyouleta yatarudi. Mvua ikinyesha kwenye nyanda za juu, kilomita nyingi kutoka hapo, maji hukusanyika katika vijito, vijito huungana, na mkondo hushuka bondeni wakati anga juu ya hema limejaa nyota. Aliyelala hana onyo la mawingu wala la radi. Tena maji hayo hayapandi taratibu kama yanavyopanda katika ndoo chini ya bomba. Huja kwa mkupuo, yakisukuma magogo na mawe mbele yake, na mngurumo wake hufanana na wa malori yanayopanda mlima. Mwenye kuusikia mngurumo huo akiwa ndani ya korongo hana muda wa kukunja hema. Anapaswa kupanda ukingo wa karibu mara moja na kuacha kila kitu.

Mifano ipo karibu. Aprili 2012, vijana saba waliokuwa kwenye matembezi ya kikundi cha kanisa walikufa katika korongo la Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta ndani. Mwaka 2019 korongo hilohilo liliua tena watalii. Mei 2024, Mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara na kuzamisha kambi zaidi ya 10, watalii wakaokolewa kwa helikopta na boti. Inafaa kukumbuka kwamba kambi za Talek hazikuwekwa na wageni wa mwishoni mwa wiki. Zilijengwa na watu wa kazi hiyo, wenye wafanyakazi wanaoujua mto, na bado zilikuwa karibu mno na maji.

Wala hatari haiko kwenye mito pekee. Desemba 3, 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba. Kwa mpiga kambi, fundisho la Hanang ni kwamba mdomo wa korongo la mlimani, pale linapofunguka na kuwa uwanja mpana chini ya mlima, ni njia ya maji hata kama halijapitisha maji kwa miaka kadhaa.

Dalili zinasomeka kwa anayejua pa kutazama. Majani makavu, vijiti na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi ya vichaka huonyesha kimo ambacho maji yalifika mara ya mwisho. Zikiwa juu ya kichwa cha mtu, mahali hapo si pa kulala. Mawe ya mviringo yaliyolainika yamesuguliwa na maji. Tope lililokauka na kupasuka vipandevipande ni dimbwi linalosubiri mvua. Nyasi zilizolala zote upande mmoja zimelazwa na mkondo. Mizizi ya miti iliyoachwa wazi ukingoni ina maana kwamba ukingo wenyewe unamegwa, hivyo hata juu yake hema liwekwe mbali.

Mbali kiasi gani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mito, maziwa na bahari. Hema si jengo la kudumu, lakini kipimo hicho ni kizuri kukiazima. Muhimu zaidi ya umbali ni kimo. Mita 100 za tambarare inayolingana na mto hazimsaidii mtu, ilhali mita tano za kupanda kwenye kigongo cha jirani zinaweza kumwokoa. Kabla ya kufunga kamba ya kwanza, kila mmoja kikundini aonyeshwe njia ya kukimbilia juu, na aipitie kwa miguu kungali mchana.

Majira nayo yazingatiwe. Mikoa ya kaskazini na pwani hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kusini na magharibi msimu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Juni hadi Septemba ndio muda wa amani kwa wenye mahema karibu kote nchini, ingawa una adhabu yake ya baridi, kama itakavyoonekana.

Kazi kubwa ya uchaguzi inaweza kufanywa nyumbani. Picha za setilaiti zinazopatikana bure katika simu na kompyuta huonyesha mito ya msimu kama mikanda ya mchanga inayopindapinda, na njia za mifugo kama nyuzi zinazokutana kisimani. Ramani rasmi za kipimo cha 1:50,000 huongeza kile ambacho picha hazikisemi vizuri, yaani mistari ya mwinuko. Pale mistari inapobanana ni ukuta. Inapoachana ni mahali pa kutandika. Aliye makini huondoka mjini na maeneo matatu mkononi, kwa kuwa la kwanza mara nyingi huwa limelimwa mahindi.

Wapitao usiku

Mbuga na hifadhi hazina ukuta, na wanyama hawasomi mabango ya mipaka. Tembo hupita katika ardhi za vijiji kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na viboko hukaa katika mabwawa na mito ambayo haimo katika hifadhi yoyote. Kwa hiyo swali la pili la kumuuliza mwenyeji, baada ya lile la pa kulala, ni nini hupita hapa usiku.

Njia ya kiboko ni rahisi kuitambua. Ina mifereji miwili sambamba na tuta dogo katikati, kama barabara ya gari, na hutoka majini kwenda kwenye nyasi. Kiboko hutoka usiku kula na hurudi kabla ya jua kupanda. Akikuta hema katikati ya njia yake ya kurudia majini, hatalizunguka. Hema karibu na maji yenye viboko au mamba ni kosa lisilo na mjadala, hata kama mvuvi wa jirani analala hapo kila siku.

Kinyesi kibichi cha tembo, matawi yaliyovunjwa karibuni na magome yaliyobanduliwa ni dalili za kuhama. Tembo huvutwa na harufu ya matunda, na machungwa au maembe hayapaswi kulala ndani ya hema. Nyama na mabaki ya chakula humwita fisi. Vyote hivyo vikae ndani ya gari, au vifungwe vizuri mbali na mahali pa kulala. Zipu ya hema ifungwe usiku kucha, hata kukiwa na joto, na viatu viingizwe ndani, kwani nge hupenda sana viatu vilivyoachwa nje.

Hata hivyo, wanaomfukuza mpiga kambi mara nyingi zaidi ni wadogo. Siafu huhama kwa misafara, hasa ardhi ikiwa imelowa, na hema lililo katika njia yao huachiwa wao hadi watakapomaliza. Dakika tano za kukagua ardhi kwa kuinama, kutafuta mistari yao na mashimo, huokoa usiku mzima. Vichuguu viepukwe. Vibanda vilivyoachwa na mazizi ya zamani navyo viepukwe, kwa sababu ndimo wanamoishi papasi, ambao huleta homa ya papasi. Mbu wa malaria huuma usiku na huzaliana kwenye maji yaliyotuama, hivyo hema la kwenye kigongo chenye upepo mwanana lina mbu wachache kuliko la bondeni.

Kuna pia ng'ombe. Njia yao huonekana kama ardhi tupu iliyosagwa kuwa vumbi, na mgeni anayeiona kama kiwanja kizuri ataamshwa saa 12 asubuhi na kundi zima, likiwa na haraka ya kwenda kunywa maji.

Baridi, upepo na miti

Mkazi wa Dar es Salaam huidharau baridi kwa sababu haijui. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi. Lushoto, iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi inayoizidi ya pwani kwa nyuzi zipatazo tisa. Katika nyanda za Kitulo, zilizo kama mita 2,600, asubuhi za Juni hadi Agosti huweza kukutwa nyasi zimeganda sakitu.

Hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji, ikajikusanya bondeni. Ndiyo maana sakafu ya bonde, pamoja na kuonekana kuwa imejificha, ndiyo yenye baridi kali na umande mzito kuliko bega la mlima lililo mita chache juu yake. Kilele nacho hakifai, kwa sababu ya upepo na radi. Panapofaa ni katikati, kwenye kijilawazo cha mteremko, nyuma ya kichaka au mwamba unaokinga upepo, mlango wa hema ukielekezwa mbali na upepo huo.

Anayekosea hapo hujaribiwa kusahihisha kosa kwa jiko la mkaa. Ni jaribio la mwisho kwa wengi. Mkaa unaowaka ndani ya hema hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Jiko likae nje, hata likiwa limebaki makaa machache. Anayesikia baridi avae nguo zote alizonazo na aongeze kitu cha kutandika chini, kwani ardhi hunyonya joto la mwili kwa kasi kuliko hewa.

Kuhusu miti, kanuni ni kuinua kichwa. Tawi kavu, mzinga wa nyuki au nyoka aliyejizungusha huonekana mapema kwa anayetazama. Mbuyu wenye mashimo mara nyingi una nyuki. Mgunga hudondosha miiba inayotoboa sakafu ya hema. Mnazi ndio mbaya zaidi, kwa sababu unapendeza kwenye picha. Nazi inayoanguka kutoka juu haina simile.

Ufukweni, mnazi ni nusu tu ya tatizo. Katika pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani siku zilezile ambazo watu hupenda kwenda ufukweni kutazama mbalamwezi. Mstari wa mwani na takataka mchangani huonyesha maji ya jana yalikoishia, lakini ikiwa ni maji mafu, ya kesho yatafika mbali zaidi. Mvuvi wa hapo anajua saa na mahali, na kuuliza si ujinga.

Maji ya juu ndiyo ya bombani

Choo cha porini ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua 100 kutoka maji, njia na hema, likafukiwa baada ya kutumiwa. Umbali huohuo ni wa kuogea na kuosha vyombo. Maji huchotwa kwa ndoo na kumwagwa kwenye udongo, si kijitoni. Kwa mkazi wa Dar es Salaam aliyekwenda Uluguru, jambo hilo linamhusu binafsi. Vijito vya milima hiyo huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaopeleka maji katika sehemu kubwa ya Jiji. Sabuni anayoimwaga Jumamosi inaelekea kwao.

Moto nao, kama kijiji kimeuruhusu, uwashwe mahali palipokwisha kuunguzwa, ukizungukwa na ardhi iliyofagiliwa nyasi. Wakati wa kiangazi ni afadhali jiko dogo la gesi. Upepo wa alasiri katika nyasi kavu haumpi mtu nafasi ya pili, na kilima kitakachoungua ni malisho ya mwenyeji aliyetoa ruhusa.

Yote haya yanahitaji mwanga. Katika nchi za karibu na ikweta jua huzama karibu saa 12 na nusu, na giza kamili huingia chini ya nusu saa baadaye. Mgeni anayefika kijijini saa 12 hatapata mtendaji ofisini, hataona mstari wa siafu, wala takataka zilizonasa juu ya kichaka. Saa 10 alasiri inafaa kuwa ukomo: kama hadi hapo eneo halijapatikana, usiku huo ulalwe kwenye nyumba ya wageni ya mji wa karibu, na kutafuta kuendelee kesho yake.

Anayeanza anaweza kujaribu hema lake kwanza mahali penye usimamizi. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, huko Kisarawe, hupokea wapiga kambi kwa malipo na uko safari fupi tu kutoka Kariakoo. Usiku mmoja hapo utamwonyesha kama zipu inafunga, kama turubai inavuja na kama mfuko wake wa kulalia unatosha. Atakapokwenda mbali zaidi, asubuhi ya kuondoka atafukia mashimo, atakusanya vigingi na taka zake, kisha atapita tena kwa mtendaji kumjulisha kwamba wageni wameondoka salama, ili jina lao lifutwe kwenye kitabu na mgambo wasihangaike kuwatafuta.